Diski Niliyoificha Kwenye Gunia la Vitambaa

Mshauri wangu mpendwa,

Nakuomba unisaidie haraka kabla sijafanya jambo lisilorudi nyuma, na nakuomba pia usinicheke, maana nikianza kwa kukuambia kwamba naionea wivu kompyuta utadhani nimerukwa na akili, lakini tafadhali soma mpaka mwisho ndipo unihukumu.

Mimi ni fundi wa nguo, nashonea nyumbani, na mume wangu ni fundi wa mafriji, anazunguka mabuchani na kwenye maduka ya vinywaji kutengeneza yaliyogoma. Watoto wetu ni mapacha, wako shule ya bweni, kwa hiyo nyumbani tumebaki wawili tu, na nilidhani huu ndio ungekuwa wakati wetu wa kukaa tukapiga soga kama watu wazima, kumbe najidanganya, kwa sababu Baba Pacha ni mtu wa maneno machache tangu nimjue, ukimuuliza leo kazi ilikuwaje anasema nzuri, ukimuuliza chai ina sukari anasema ipo, basi hapo mazungumzo yameisha, na mimi nilishakubali kwamba ndivyo alivyoumbwa, nikajiambia kuna wanawake wamepewa waongeaji na wanajuta.

Mambo yaligeuka alipoleta nyumbani kompyuta kuukuu ya kukunja, ameachiwa na ofisi moja iliyokuwa inahama. Akasema, na siku hiyo alisema sana kuliko mwezi mzima, kwamba anataka nyimbo zote za nyumba hii zikae mahali pamoja, kaseti zote za zamani, sidii zote, ziingie kwenye kompyuta, halafu kompyuta aiunganishe na amplifaya na spika, mtu akitaka wimbo abonyeze tu simu yake. Nikamwambia sawa, fanya. Sikujua namkaribisha mke mwenza.

Kuanzia hapo mume wangu hakuwa wangu tena. Waya zikapita chini ya zulia, spika moja ikapanda juu ya kabati chumbani, nyingine jikoni kwenye rafu ya sufuria, anatoka kazini hajanawa mikono anakwenda kuichungulia, mimi nikikohoa haulizi, kompyuta ikikohoa anaacha chakula mezani. Feni yake ilipoanza kumkera akitaka kusikiliza nyimbo za taratibu, akachukua friji bovu akalitoboa mgongoni lipitishe hewa, akailaza kompyuta humo ndani, na mpaka leo muziki wa nyumba yangu unakaa kwenye friji, mgeni akijifanya mwenyeji akaenda kujichotea maji baridi anakutana na taa za kijani. Anaipangusa vumbi kwa brashi yangu ya cherehani, mshauri, brashi yangu.

Na hayo yote ningeyameza. Lililonikaa kooni ni Bi Waya.

Kazi ilimshinda njiani, akaomba msaada kwa jirani wetu wa ghorofa ya juu, mwalimu wa kompyuta, mwanamke anayeishi peke yake, mkobani mwake hakuna kioo wala kitana, ni waya tu, ndiyo maana nikampa jina hilo. Siku ya kwanza tu alikaa sakafuni kwangu akatega sikio kwenye spika, akasema kuna mngurumo. Wakazima hiki, wakazima kile, mngurumo upo, mwishowe akageuka akaniangalia mimi niliyekuwa dirishani nashona zangu, akasema, “Samahani dada, nadhani ni mota ya cherehani yako.” Nikazima, na kweli mngurumo ukakata, wakaangaliana wakafurahi. Kesho yake mume wangu akainyanyua cherehani yangu na meza yake, akaihamishia chumba cha nyuma cha watoto, hakuniuliza, alisema tu kwamba kule kuna utulivu. Mimi nimeshonea pale dirishani tangu tuhamie nyumba hii, pale ndipo penye mwanga. Nikanuna. Nikahamia huko nyuma na kinyongo changu, nikawa nashona mlango nimeurudisha, na hata wakiniita kunywa chai sitoki.

Sasa nikueleze kitu ambacho mwenyewe nimekielewa juzi juzi. Kaseti haiingii kwenye kompyuta hivi hivi, lazima uipige kwenye redio mwanzo mpaka mwisho huku kompyuta inarekodi, na sauti inatakiwa ipite kwenye waya. Mume wangu mwanzoni alichomeka waya akadhani kamaliza, kumbe ndani ya kompyuta hakuiambia isikilize waya, ikawa inasikiliza kwa sikio lake yenyewe, kile kipaza sauti kidogo kilicho juu ya kioo. Kwa hiyo ikarekodi wimbo pamoja na chumba kizima, mlango ukifungwa umo, kijiko kikigonga kikombe kimo, honi ya nje imo. Walipogundua walicheka sana, niliwasikia, wakarudia kaseti zote upya kwa waya, isipokuwa moja. Hiyo ilipopigwa mara ya pili redio iliitafuna, utepe ukakatika vipande, ikabidi ile ya kwanza yenye kelele za chumba ibaki hivyo hivyo. Mume wangu hakunisimulia ni kaseti ya nini na mimi sikuuliza, nilikuwa bado nimenuna.

Basi kuna mchana nilikuwa peke yangu napiga pasi sare za shule, nikasema leo na mimi nifaidi, nikabonyeza simu nyimbo zije zenyewe bila mpangilio. Zikaja mbili tatu nzuri, halafu ikaja sauti ya maji yanamwagika, na mwanamume mzee anaimba vibaya kwelikweli. Nikacheka. Kisha nikamsikia mume wangu, pale pale ndani ya wimbo, anaita, “Mama Pacha, hebu njoo usikie hii,” kimya kidogo, anaita tena, “Mama Pacha,” cherehani inasikika inakwenda tu huko nyuma, nilikuwa na oda ya sare ile wiki, halafu mlango unagongwa, Bi Waya anaingia na samahani zake, amekuja kurudisha waya, anauliza ni nani huyo anaimba. Na hapo, mshauri, mume wangu wa maneno machache akafungua mdomo.

Alisema, “Huyu ni marehemu baba. Alikuwa haongei na sisi, mwalimu. Akiingia ndani nyumba nzima inanyamaza. Ila akienda kuoga anaimba. Nikaazima redio kwa jirani nikaitega chini ya dirisha la bafu, ikamrekodi. Sina sauti yake nyingine akiwa na furaha.”

Halafu akalia. Namjua mume wangu, tumezika naye ndugu, tumeuguza naye watoto, sijawahi kumsikia analia, na nilisimama na pasi mkononi nasikiliza mume wangu analia mbele ya mwanamke mwingine ndani ya sebule yangu, na yule mwanamke anamwambia, “Pole sana, kaka.” Kisha mzee akapanda kwenye sauti ya juu ikamshinda ikakwaruza, na wote wawili wakaangua kicheko, mume wangu akacheka mpaka akapaliwa. Kile kicheko sikijui. Nimezaa naye na sikijui.

Kama ningemsikia anafanya naye mambo ya aibu nadhani ningejua pa kuanzia, ningepiga kelele, ningeita ndugu. Lakini hili nitaliitaje? Nitamwambia mtu kwamba mume wangu amenisaliti kwa kumsimulia jirani habari za baba yake? Mimi nilipomuuliza kuhusu baba yake alinijibu alikuwa fundi kama yeye, akafariki, basi. Yale niliyonyimwa mimi kapewa Bi Waya, tena siku hiyo alikuja tu kurudisha waya. Nilisikiliza tena, na tena, pasi ikaunguza kola ya mtoto wa watu nikalazimika kushona nyingine.

Nyimbo zote zinakaa kwenye diski ndogo nyeusi inayochomekwa kwenye kompyuta. Nilifungua lile friji nikaichomoa, nikaiviringisha kwenye kipande cha bitana, nikaisukuma chini kabisa ya gunia la mabaki ya vitambaa. Magunia hayo huchukuliwa na fundi wa mito, anakuja kila mwisho wa mwezi, anayashindilia kwenye mito na matakia bila hata kuchambua. Nikajiambia sitakuwa nimeitupa mimi, litakuwa limekwenda gunia.

Nilitegemea mume wangu atafoka. Hakufoka. Anajilaumu mwenyewe, anadhani aliitia kwenye mfuko wa zana ili akamwonyeshe mwenzake, ikadondoka kazini. Anazunguka bucha kwa bucha, anasogeza mafriji ya watu anamulika nyuma kwa tochi. Muziki haupigwi tena. Na juzi, bila mimi kusema neno, akainyanyua cherehani yangu akairudisha dirishani, akaniambia, “Rudi tu hapa. Kule nyuma unaumiza macho.” Nimepata nilichokuwa nakililia na sindano inanichoma vidole. Bi Waya naye akaja kumpa pole, wakasimama kwenye ngazi wanaongea kwa sauti ya chini, nikachungulia nikamwona mume wangu anajifuta uso kwa mkono wa shati, na donge likapanda upya, kwamba hata huzuni anampelekea yeye.

Nifanye nini, mshauri? Gunia liende, tuanze moja? Nifunge mizigo niende kwa dada yangu nimwachie Bi Waya uwanja? Au niichomoe niseme nimeiokota nyuma ya kabati, mambo yaishe kimya kimya? Fundi wa mito anakaribia kuja.

Ni mimi,
Fundi Mwenye Donge

*

Fundi Mwenye Donge,

Hilo gunia lisiende popote. Weka gazeti chini, nenda kaingize mkono mpaka chini kabisa, na ukishaishika hiyo diski rudi tuendelee. Barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine zote kwa sababu ya huyo fundi wa mito.

Umerudi? Haya.

Sikucheki hata kidogo. Kuhamishwa dirishani bila kuulizwa ni dharau, na mumeo kama anasoma gazeti hili namwambia waziwazi: mwanamke anayepata riziki kwa macho yake humwondoi kwenye mwanga kwa sababu spika inanguruma. Wewe ni fundi, baba. Ulitoboa friji kwa ajili ya feni, ukashindwa kutafuta soketi nyingine kwa ajili ya mkeo? Hapo ulikosea, na nafurahi umeirudisha cherehani mwenyewe bila kusubiri kusemwa.

Sasa wewe, bibie. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja nikitafuta kosa la huyo mwalimu, maana nilijua unataka nilione. Nimeona mwanamke aliyesema samahani dada, kisha pole sana kaka, akacheka mzee alipokwaruza, na mzee huyo hata wewe ulimcheka ukiwa peke yako na pasi yako. Simjui, simwekei dhamana, lakini kwa haya uliyoniletea siwezi kumfunga. Na ulivyomchora na huo mkoba wake, nilianza kumpenda bila idhini yako.

Kuna mahali kwenye barua yako ulipita mbio, ukadhani sitaona. Uliandika kwamba mumeo aliita. Kabla mwalimu hajagonga mlango, kabla hajalia, kabla hajasimulia lolote, aliita Mama Pacha. Akasubiri. Akaita tena. Na jibu alilopewa limo humo ndani ya wimbo, wewe mwenyewe umelisikia tena na tena ukaniandikia kwa mkono wako: cherehani inakwenda tu. Unaniambia ulikuwa na oda ya sare. Nakuamini. Pia uliniambia mlango uliurudisha, na ulikuwa hutoki hata ukiitiwa chai. Mtu ambaye ukimuuliza sukari anasema ipo, siku hiyo alikuwa amejaa maneno mpaka juu, akakuita wewe kwanza uje uyapokee, hukuja, na mlango ukafunguliwa na mtu mwingine. Nani asingeyamwaga?

Unalia kwamba umenyimwa. Mwanangu, uliletewa mpaka mlangoni.

Nasema haya kwa ukali kwa sababu nakuona unavyotafuta mtu wa kumpa lawama, na wa karibu zaidi ni yule wa ghorofa ya juu. Kununa kwako kulikuwa na haki, narudia, kulikuwa na haki. Ila ulinuna ukapitiliza, na siku uliyoitwa ukawa bado umo humo. Inatokea. Wengi wetu tumeitwa tukajifanya hatusikii, tofauti ni kwamba sisi hatukurekodiwa.

Kwa dada yako usiende. Utakaa siku kadhaa umsimulie, atakuunga mkono kwa sababu ni dada yako, na utarudi na donge kubwa kuliko uliloondoka nalo. Ile ya kuiokota nyuma ya kabati nayo iache. Kuna mwanamume anatambaa nyuma ya mafriji ya mabuchani na tochi, anajiona mzembe aliyeipoteza sauti ya baba yake, na kosa si lake. Ukimpa diski na uongo, atafurahi, lakini atabaki anajiona mzembe, na wewe utakuwa unamwangalia akijiona hivyo kila siku ya maisha yenu. Hutaweza. Sindano imeshaanza kukuchoma vidole.

Leo akirudi kazini, mpe mkononi. Usiiache mezani aikute, usiichomeke kwenye friji ujifanye hamnazo. Mkononi, na umwambie: mimi niliichukua, niliificha, nilisikia wivu. Maneno hayo yanatosha, usiyapambe na usianze kumtaja Bi Waya katikati. Huenda akakasirika. Mwache akasirike, ana haki yake kama ulivyokuwa na yako dirishani. Huenda akanyamaza, na kwa jinsi ulivyomweleza ndivyo ninavyotarajia, basi usikimbilie kuujaza ule ukimya kwa kulia wewe. Zamu ya kulia ni yake.

Wimbo wa mzee upo mahali pamoja tu, na umeona jinsi ilivyobaki kidogo uwe mto wa mtu. Utengenezewe nakala nyingine, mbili, zikae mbali na friji na mbali na gunia lako. Anayejua kufanya hivyo kwa haraka ni mwalimu, kwa hiyo panda ngazi wewe mwenyewe ukamwite. Wewe, si mumeo. Chemsha chai, na kaa naye hapo hapo sebuleni anapofanya kazi. Jina la Bi Waya liishie kwenye barua hii, umwite mwalimu kama anavyomwita mumeo. Ukimkaribisha mwenyewe hutakuwa na haja ya kumchungulia kwenye ngazi.

La mwisho ndilo gumu, na ukiyafanya mengine yote ukaliacha hili utakuwa umenipotezea muda. Hasira zikishatulia, mwombe mumeo akupigie ule wimbo. Mwambie unataka kuusikia kutoka mwanzo, ukiwa umekaa naye, na cherehani uizime kabisa. Mzee ataanza na maji yake na sauti yake mbaya. Usiseme kitu, na mumeo akitaka kueleza, mwache aeleze, hata kama uliyasikia yote ukiwa na pasi. Kisha utamsikia akikuita. Mara ya kwanza iache ipite. Atakuita tena. Hapo, hata kama amekaa bega kwa bega na wewe, hata kama umechelewa kiasi gani, sema abee.